Nani Aliyezifanya Katuni Kuwa Mali ya Watoto?

Ipo hukumu moja ambayo hupitishwa katika idara zetu za fasihi pasipo mshtakiwa kuitwa wala shahidi kusikizwa. Hukumu yenyewe ni hii: katuni ni mchezo wa watoto, na mtu mzima azitazamaye ama amerudi utotoni ama hakutoka huko kamwe. Husemwa na walimu wenye shahada kubwa, hurudiwa na wanafunzi watakao kuonekana wamekomaa, na kwa kuwa husemwa kwa sauti ya uhakika, hapana aulizaye ushahidi wake. Makala haya yanakusudia kuuliza. Nasema kwamba hukumu hiyo ni ya uongo katika historia yake, ni dhaifu katika hoja zake, na ina madhara kwa fasihi ya Kiswahili yenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Katuni kwa Kiswahili ina maana mbili. Huitwa katuni ile picha ya gazetini ichorwayo kwa mzaha au kwa kuwakejeli wakubwa. Na huitwa katuni vilevile sinema ya michoro, ambayo viumbe waliochorwa kwa mkono huonekana wakienda, wakigombana na kuanguka. Nitazungumza hasa juu ya aina hii ya pili, na ndani yake juu ya zile za kale zilizotengenezwa Marekani tangu 1928 hadi mwanzo wa miaka ya 1960: za Mickey Mouse, Popeye, Bugs Bunny, Tom na Jerry, na jamaa zao. Wengi wa mafundi waliozichora wamekwisha kufa. Majumba ya sinema yaliyozionyesha kwanza mengi yamefungwa au yamebomolewa. Hata hivyo katuni zenyewe zatazamwa mpaka leo. Babu huzitazama pamoja na mjukuu wake, na wote wawili hucheka, ingawa si lazima wacheke mahali pamoja. Jambo hili lahitaji kuelezwa, na neno "utoto" halilielezi. Kitu cha watoto peke yao hakiwezi kumshika babu kwa miaka sitini.

Tuanze na historia, maana huko ndiko hukumu hii ianzako kuvunjika. Mwaka 1914 Winsor McCay, mchoraji wa magazeti, alisimama jukwaani katika jumba la michezo mjini Chicago akiwa na mjeledi mkononi, akamwamuru mnyama mkubwa wa kale aliyechorwa, jina lake Gertie, ainame, ainue mguu, na atii. Gertie alitii mara nyingine, na mara nyingine alikaidi, akakaripiwa, akalia. Waliolipa kiingilio kutazama maajabu hayo walikuwa watu wazima waliokwenda jioni kuwatazama waimbaji, wachezaji na wachekeshaji. Mwaka 1928, tarehe 18 Novemba, katuni ya Steamboat Willie ya Walt Disney na Ub Iwerks ilionyeshwa mjini New York. Filamu ndefu iliyofuata baada yake siku hiyo iliitwa Gang War, nayo ilikuwa ya majambazi. Nawaomba wale watakao kutuambia kwamba Mickey Mouse alizaliwa katika chumba cha watoto wayatafakari mazazi hayo.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa miaka zaidi ya thelathini. Katuni ilikuwa sehemu ya jioni ya sinema, pamoja na habari za dunia na filamu kuu, na katika kiti kimoja alikaa karani, katika cha pili mpishi, katika cha tatu mwanafunzi, na katika cha nne mtoto aliyeletwa na mama yake. Fundi wa katuni hakuwa na ruhusa ya kumchagua mmoja akawaacha watatu. Ilimpasa awachekeshe wote kwa dakika saba, au kazi yake ihesabiwe kuwa imeshindwa.

Mwaka 1933 ilitoka katuni ya nguruwe watatu na mbwa mwitu, Three Little Pigs. Mwaka huo karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Wimbo wa nguruwe wale, wa kumdhihaki mbwa mwitu, uliimbwa na watu waliojua vema mbwa mwitu aliyesimama mlangoni pao ni nani. Mtoto aliona mnyama akipuliza nyumba ya majani; baba yake aliona njaa. Wala wakubwa wa sinema hawakudhani kwamba hadhira ilikuwa ya watoto tu. Kanuni za maadili ya filamu ziliposimamiwa kwa ukali tangu 1934, Betty Boop, binti wa katuni aliyekuwa maarufu kwa gauni fupi na macho ya kurembua, alirefushiwa gauni akatulizwa. Hapana mkaguzi ahangaikaye kurefusha gauni la mwanasesere asiyetazamwa na wanaume.

Vita vikuu vilipokuja, serikali ya Marekani ilijua pa kwenda. Mwaka 1942 Wizara ya Fedha iliagiza kwa Disney katuni ya The New Spirit, ambamo Donald Duck aliwahimiza raia kulipa kodi ya mapato. Nauliza: mtoto wa miaka mitano hulipa kodi gani? Baina ya 1943 na 1945 mafundi walewale wa Bugs Bunny, Chuck Jones akiwa miongoni mwao, walitengeneza katuni za askari mjinga aitwaye Private Snafu, ambaye makosa yake yaliwafundisha askari kutunza siri, kujikinga na malaria na kushika amri. Katuni hizo zilionyeshwa kambini kwa watu waliokuwa wakienda kuua na kuuawa. Kama huo ni utoto, basi utu uzima sijui uko wapi.

Iwapo historia ni hiyo, katuni zilihamia lini kwenye chumba cha watoto? Hazikuhamishwa na wahakiki, wala hazikuhamishwa na watazamaji. Zilihamishwa na biashara. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliyanyima makampuni makubwa ya sinema uwezo wa kuyalazimisha majumba kununua filamu zake kwa mafungu, na filamu fupi zikaanza kukosa soko. Televisheni ikaingia majumbani. Mwaka 1957 kampuni ya MGM ilifunga karakana yake ya katuni, na mabwana wawili waliomlea Tom na Jerry, William Hanna na Joseph Barbera, wakaanzisha kampuni yao ili kuiuzia televisheni katuni za gharama ndogo. Hata hapo watu wazima hawakuachwa mara moja. The Flintstones, iliyoanza tarehe 30 Septemba 1960, ilionyeshwa jioni ya Ijumaa, na miongoni mwa waliolipia matangazo yake alikuwa mtengenezaji wa sigara za Winston. Wahusika wenyewe walionekana wakizivuta. Baadaye katika muongo huo ndipo vituo vya televisheni vilipogundua kwamba asubuhi ya Jumamosi watoto wako nyumbani, wazazi wamelala, na wauzaji wa vitu vya kuchezea na nafaka zenye sukari wako tayari kulipa. Katuni za kale zikarundikwa pamoja na mpya katika saa hizo, na kizazi kilichokua kikizitazama asubuhi kiliamini kwamba zilizaliwa asubuhi.

Ukuta tunaoulinda leo kwa jina la fasihi ulijengwa basi na wauzaji wa matangazo. Wanazuoni waliotangulia hawakuujua. Walter Benjamin, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika juu ya Mickey Mouse mwaka 1931. Sergei Eisenstein, bingwa wa sinema wa Urusi, aliandika kwa kirefu juu ya Disney mwanzoni mwa miaka ya 1940, akijaribu kueleza furaha aipatayo mtu kwa kuona umbo lisilokubali kufungwa katika hali moja. Hapana aliyewacheka. Sisi tuwanukuuo wanazuoni hao katika tasnifu zetu huona haya kutazama walichokitazama.

Nikiisha kusema nani alitengenezewa katuni, yanipasa kusema kwa nini zimedumu, kwa sababu vitu vingi vilitengenezewa watu wazima na vimesahauliwa. Zimedumu kwa ufundi, na ufundi wake ni wa aina ambayo mtu wa fasihi hana udhuru wa kutoutambua. Filamu huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Dakika saba ni picha 10,080. Hata pale mchoro mmoja ulipotumiwa kwa picha mbili, kazi ilibaki ya maelfu ya michoro, kila mmoja umepigwa kwa mkono na kutiwa rangi kwa mkono. Mtu afanyaye kazi kwa gharama hiyo haweki neno la ziada. Washairi wetu wajua jambo hili. Mizani na vina huufunga ulimi wa mshairi, na kufungwa huko ndiko kumfanyako atafute neno liliofaa kuliko yote. Dakika saba zilikuwa mizani ya mafundi wale.

Chukua mfano wa mbwamwitu mdogo wa jangwani aitwaye Wile E. Coyote na ndege mkimbiaji amfukuzaye daima, walioanza mwaka 1949 katika katuni ya Fast and Furry-ous, iliyoongozwa na Chuck Jones na kuandikwa na Michael Maltese. Jones alieleza kwamba sura ya mnyama huyo mwenye njaa ya milele aliipata kwa Mark Twain, katika kitabu cha Roughing It cha 1872. Angalia masharti ya kisa. Mahali ni jangwa lilelile. Mazungumzo hakuna. Ndege hamdhuru adui yake. Mwindaji hudhuriwa na mitego yake mwenyewe na kwa kukataa kwake kuacha. Hukimbia mpaka ukingoni mwa genge na kupita, husimama hewani kitambo, hutazama chini, hufahamu, ndipo huanguka. Mtoto hucheka kwa kuanguka. Mtu mzima hucheka kwa kile kitambo cha kufahamu, kwa sababu yeye naye amewahi kusimama hewani: katika deni, katika ndoa, katika cheo. Kisa ni kimoja, mlango wa kuingilia ni miwili.

Chukua wa pili. Katika The Cat Concerto ya 1947, Tom aketi kwenye piano amevaa rasmi na kupiga kipande kigumu cha Franz Liszt mbele ya hadhira, na panya Jerry, aliyekuwa amelala ndani ya piano, aamka kwa hasira. Ugomvi wote wa wawili hao hupita ndani ya muziki, na muziki haukatizwi. Mwishoni paka amechoka hoi, na makofi humwendea panya. Hapana neno lisemwalo. Katuni hii ilipata tuzo ya Oscar, moja kati ya saba walizozipata Tom na Jerry katika filamu fupi 114 zilizotengenezwa na Hanna na Barbera kwa MGM tangu 1940 mpaka 1958. Kwa kuwa lugha yake si Kiingereza wala Kiswahili, haikuhitaji mfasiri ili kufika Mombasa wala Bujumbura.

Chukua wa tatu, Duck Amuck ya 1953. Bata Daffy anaingia katika kisa, na mchoraji asiyeonekana ambadilishia mandhari, amwondolea sauti, amfuta mwili, amchora upya na kiwiliwili cha kiroja. Bata abishana naye, asihi, atukana, na hana la kufanya, kwa kuwa uhai wake umo katika kalamu ya mwingine. Wanafunzi wetu husoma kurasa nyingi juu ya uhusiano wa mwandishi na mhusika wake. Yafaa wazisome. Lakini mwalimu awanyimaye dakika saba za bata huyu kwa sababu ni bata, amewanyima mfano ulio bora kuliko maelezo yake.

Hapo ndipo hufika jibu la kawaida: ati ni wanyama wanaosema, na wanyama wanaosema ni wa watoto. Nashangaa kwamba jibu hili laweza kutolewa na mtu aliyesoma fasihi ya Kiswahili na ya majirani zake. Kalila na Dimna, visa vya wanyama vilivyotoka Bara Hindi na kutiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, viliwekwa kwa ajili ya kuwaonya wafalme. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu wawili wahasidi wamegeuzwa manyani, na hapana profesa aliyesema kwamba kitabu hicho kirudishwe chekechea. Nchi ya Kusadikika, katika kitabu cha 1951, iko hewani, haikuguswa na ardhi. Twaifundisha kama hoja nzito juu ya haki na dhuluma, na twafanya vema. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, limejaa nguruwe watoao hotuba. Twakubali basi nchi ielee na nguruwe ahutubu, mradi wamo katika kitabu. Wakichorwa wakaenda, twasema ni utoto. Hii si hoja ya fasihi. Ni heshima ya karatasi.

Na kwa kuwa nimetaja Shamba la Wanyama, na tulitazame shamba hilo lilivyochorwa. Mwaka 1954 karakana ya Halas na Batchelor ya Uingereza ilitoa katuni ndefu ya kitabu hicho cha George Orwell. Baadaye ilijulikana kwamba fedha zake zilitoka kwa siri katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mwisho wa kisa ulibadilishwa: katika kitabu wanyama huchungulia dirishani wasiweze kumtofautisha nguruwe na mtu, lakini katika katuni wanyama huinuka na kuwapindua nguruwe. Majasusi walijua kwamba katuni yaweza kubeba siasa ya dunia nzima, wakagharimia mabadiliko ya mwisho wake. Profesa wetu ajuaye kuchambua mwisho wa riwaya asema hana cha kuchambua hapo. Ni nani kati yao aliyeiheshimu sanaa hii?

Jibu la pili ni kwamba katuni za kale zimejaa mapigo. Ni kweli. Nyundo, baruti na vikaango havina idadi. Lakini msikilizaji wa hadithi zetu hana haki ya kushangaa. Katika visa vya Sungura, Fisi hupigwa, huchomwa, hufungwa mtini, hutumbukizwa kisimani, na aghalabu hufa, kesho yake msimulizi akiita "Hadithi! Hadithi!" na kujibiwa "Hadithi njoo!", Fisi yuko palepale, mzima, mlafi kama jana. Hapana mtoto aliyedhani kwamba Fisi alifufuka kwa muujiza. Wote wajua kwamba Fisi ni tabia, na tabia haifi kwa kipigo kimoja. Ulafi wa Fisi na ukaidi wa Coyote ni somo moja. Atakaye kulikataza moja hana budi kulikataza la pili, na akimaliza atuambie bibi zetu walikosea wapi.

Jibu la tatu ni zito, nami sitalipita kwa mzaha. Katuni nyingi za zama hizo zimewatukana watu weusi. Waafrika walichorwa kama wala watu wenye mifupa puani. Wamarekani weusi walichorwa kwa midomo mikubwa na akili ndogo. Mwaka 1968 wenye haki za kuonyesha katuni za Warner walitoa sokoni katuni 11 kwa sababu ya matusi hayo, mojawapo ikiwa Coal Black and de Sebben Dwarfs ya 1943. Katika Tom na Jerry, tangu 1940 mpaka 1952, alionekana mtumishi mweusi ambaye karibu mara zote tuliona miguu yake na kusikia sauti yake tu, iliyotolewa na mwigizaji Lillian Randolph. Katika miaka ya 1960, kwa ajili ya televisheni, baadhi ya visa vilichorwa upya, mwanamke mweupe akawekwa mahali pake. Dhambi ilitakaswa kwa kumfuta aliyekosewa.

Na kisa cha kusikitisha kuliko vyote kinatuhusu kwa karibu. Watu waliotekwa Afrika wakauzwa Marekani hawakufika mikono mitupu, walichukua hadithi. Sungura mwerevu, anayejulikana katika lugha nyingi za Kibantu, alivuka bahari pamoja nao, akasimuliwa katika mashamba ya pamba kwa jina la Br'er Rabbit. Mwaka 1880 mwandishi mweupe, Joel Chandler Harris, alizichapa hadithi hizo kitabuni na kuzitia kinywani mwa mzee mnyenyekevu aliyekuwa mtumwa zamani, aliyembuni mwenyewe. Mwaka 1946 Disney alizichukua hadithi za Harris akazifanyia filamu ya Song of the South, Sungura akiwa amechorwa kwa ustadi mkubwa, na mzee yule akionyeshwa kana kwamba shamba la bwana lilikuwa pepo. Chama cha NAACP, cha kutetea haki za watu weusi, kiliilaumu filamu hiyo kwa picha iliyoitoa ya mashamba. Leo kampuni yenyewe haiionyeshi.

Msomaji, lifikiri jambo hili. Sungura wa mababu zetu, silaha ya mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, alichukuliwa akafanywa burudani ya mwenye nguvu. Je, tukio kama hilo ni la kuachiwa watoto? Wale wasemao kwamba katuni hazifai kuchunguzwa kwa sababu zina matusi wamekamata shoka kwa makali. Tusi lililochorwa kwa ufundi ndilo lihitajilo mhakiki kuliko yote, kwa sababu ufundi hulipitisha tusi bila kubishiwa. Mtoto awekwaye peke yake mbele ya katuni hizo hana wa kumwambia hapa palichorwa kwa akili na hapa palichorwa kwa chuki. Tukitaka aambiwe, sharti awepo mtu mzima aliyejifunza kutazama. Kuzipenda zote ni upofu. Kuzitupa zote ni uvivu. Kazi ya msomi ni kupambanua.

Jibu la nne ni kwamba sanaa hii ni ya kigeni. Riwaya nayo ilikuwa ya kigeni, na tamthilia ya kuchapwa pia, hatukuziacha. Wala si kweli kwamba Afrika imekuwa mtazamaji tu. Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza katuni katika miaka ya 1960. Katika Bon voyage, Sim ya 1966, chura aliye rais wa nchi ya vyura asafiri ziara ya kiserikali, na mtazamaji aliyewahi kusimamishwa juani barabarani kumpungia rais bendera hakuhitaji kuelezwa. Huo ulikuwa utani wa watu wazima, uliotolewa na Mwafrika, miaka michache baada ya uhuru.

Hapa kwetu picha ya gazetini imekuwa na bahati kuliko sinema. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo nchini Kenya kwa miongo mingi, na Chakubanga wa Christian Gregory alisomwa na watu wazima katika gazeti la Uhuru nchini Tanzania. Wengi waliligeuza gazeti wakaanza na ukurasa wa katuni, kisha ndipo wakasoma habari. Hakuna aliyewaita watoto. Lakini hadithi zetu zilipoingia katika sinema ya michoro, angalia zilipelekwa wapi. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, ilichukua hadithi za wanyama wa Afrika na kuzivika rangi za mtindo wa mchoraji Edward Tingatinga. Ni kazi ya kupendeza, na siwalaumu mafundi wake, ambao walifanya vema walichoagizwa. Lakini walichoagizwa kilikuwa kipindi cha watoto wadogo wasioanza shule. Hadithi zilizosimuliwa jioni mbele ya nyumba nzima, wazee wakicheka mafumbo na wadogo wakicheka sauti za wanyama, zimekatwa zikabaki upande mmoja.

Hayo ndiyo madhara niliyoyataja mwanzoni, nayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Anayesema kwamba katuni ni za watoto huwa hajaikosea Marekani. Marekani haina haja ya utetezi wangu. Huwa ameikosea jamii ya Waswahili na jirani zao, ambao kwao kicheko hakikuwa na umri. Sungura tumemfungia katika vitabu vya shule ya msingi, na picha moja ya rangi na maswali matano ya ufahamu chini yake. Katika vyuo twamtaja katika mhadhara mmoja wa fasihi simulizi, kwa majina ya vijaluba vya uainishaji: ngano, hekaya, usuli. Tukiisha kumweka katika kijaluba, twafunga. Hatuulizi jinsi msimulizi apimavyo kitambo baina ya Fisi kuingia mtegoni na Fisi kufahamu. Na kwa kuwa hatuulizi hilo kwa Fisi, hatuna jicho la kuliona kwa Coyote.

Namjua mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, katika chuo nisichokitaja, aliyeomba kulinganisha wakati wa kichekesho katika visa vya Sungura na katika katuni za miaka ya 1940. Alikuwa amekusanya visa kwa wazee, amevipima kwa saa, na alikuwa na hoja. Jopo halikuuliza hoja yake. Liliangalia kichwa cha pendekezo, likatabasamu, likamshauri atafute jambo zito. Alilitafuta akalipata, akaandika tasnifu juu ya mada iliyokwisha kuandikwa mara nyingi, akafaulu. Visa alivyokusanya vimo katika daftari, na baadhi ya wazee waliomsimulia wamefariki. Jopo lililinda hadhi ya idara, na idara ikapoteza maarifa.

Madai yangu basi ni matatu, na si makubwa. Kwanza, pendekezo la mwanafunzi lipimwe kwa hoja na ushahidi wake, wala lisikataliwe kwa sababu somo lake huchekesha. Pili, kichekesho kifundishwe katika vyuo vyetu kama sanaa yenye kanuni, visa vya Sungura na katuni za kale vikiwekwa meza moja, pamoja na uzuri wake na pamoja na matusi yake. Tatu, vijana wetu wachorao, ambao leo wana vyombo ambavyo mafundi wa 1940 hawakuviota, wasiambiwe na wafadhili wala na walimu kwamba wachore kwa watoto tu. Wachore kwa ajili ya nyumba nzima. Mtoto hana hasara kukaa karibu na kicheko asichokielewa chote, hukua akikifuata.

Wenzangu wa jopo watasema kwamba chuo kikuu kina mambo mazito ya kushughulikia. Nakubali, na hili ni mojawapo. Kazi iliyodumu zaidi ya miaka themanini, ikavuka bahari, lugha na rika, imefanya kile ambacho kila mshairi wetu huomba mashairi yake yafanye. Mwenye kudai kwamba haistahili swali moja la mtihani, sasa na atoe sababu yake.